Jioni ya steki kule Bruxelles

Ni miezi miwili sasa tangu turudi Bukavu, na hakuna anayetuuliza sana habari za semina. Sokoni, kanisani, hata katika mkutano wetu wa Alhamisi, swali ni lile lile: kule Ubelgiji mlikula nini? Basi wiki hii tunawasimulia, pamoja na ile sehemu ambayo tulikuwa tumekubaliana tuifiche.

Tulikuwa watano, na kwa wiki mbili hatukulala njaa. Mchana walitupa mikate yenye jibini katikati. Jioni tulipanda basi mpaka Matonge, ule mtaa wa Ixelles uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, na pale ukiwa na pesa hukosi sombe wala makayabu. Lakini yaya wetu mkubwa, mwenye miaka 61, alikataa. Alisema hawezi kwenda mpaka Ulaya kisha arudi amekula vitu vile vile vya soko la Kadutu. Basi tukaanzisha likelemba ya safarini: kila mtu yuro 4 kwa siku kutoka katika perdiem, kwa siku 10. Jioni ya mwisho tulikuwa na yuro 200 ndani ya bahasha, tukaenda nazo kula steki.

Resto ilikuwa katikati ya mji, meza za mbao, bei zimeandikwa ubaoni kwa chaki. Hatukuogopa. Sisi sote tumesoma kwa Kifaransa, watoto wetu tunawasahihishia kazi za shule kwa Kifaransa. Hapo ndipo tulipojidanganya, maana Kifaransa cha meza za Bruxelles ni kingine.

Mhudumu alipofika aliuliza kila mmoja nyama yake iive namna gani. Wenyewe wana ngazi nne. « Bleu » imeguswa tu na moto kwa nje, ndani bado baridi. « Saignant » ni nyekundu ndani. « À point » sisi tulielewa kuwa imefika, imeiva sawasawa. Kumbe kwao ina maana kwamba katikati bado ni nyekundu kidogo au ya waridi. Ni « bien cuit » peke yake inayofanana na nyama tunayoijua nyumbani. Watatu wetu tulisema « à point » kwa sauti ya watu wanaojua. Yaya alisema « bien cuit », na mhudumu akamtazama kwa huruma.

Mdogo wetu, yule mdogo kuliko sisi wote, alisoma ubao akaona « américain » kwa yuro 19, wakati steki ilikuwa 27. Akafikiri ni ile nyama ya Kimarekani inayowekwa ndani ya mkate. Akaagiza hiyo.

Tulipokuwa tunangoja, tulitazama picha kubwa ukutani: ng'ombe mweupe, mapaja yamejaa misuli kama mtu anayebeba magunia bandarini. Mhudumu akatuambia kwa fahari kwamba ndiye Blanc Bleu Belge, ng'ombe wa nchi yao, nyama nyingi na mafuta machache. Mmoja wetu ni mkunga, na alikuwa amekwisha kusoma habari zake. Alituambia kwamba ndama wa ng'ombe huyu huwa mnene mno hata njia haimtoshi, kwa hiyo karibu wote hutolewa kwa kupasuliwa, sezariani kabisa, na mara nyingi ng'ombe hupasuliwa akiwa amesimama, amedungwa sindano ya ganzi ubavuni. Tulicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Kisha mkunga akaongeza, bila kucheka, kwamba ng'ombe huyo akishonwa anabaki kwao na ndama wake, lakini kwetu kuna mama aliyepasuliwa akakaa hospitali wiki tatu baada ya kidonda kupona, kwa sababu ya fakture tu. Tukanyamaza kidogo. Mdogo wetu hakuwa amecheka tangu mwanzo, na hatukuliona hilo.

Chakula kikaja. Friti za Wabelgiji hatuwezi kuzisema vibaya: wanazikaanga mara mbili, na kwa desturi yao ya zamani ni katika mafuta ya ng'ombe, ndiyo maana zinanukia hivyo. Steki zetu za « à point » tulizikata, maji mekundu yakatiririka kwenye sahani. Mkunga alitueleza baadaye kwamba yale si damu. Damu humwagika wakati wa kuchinja, na wekundu ule ni wa protini iliyo ndani ya msuli wenyewe. Tuliamini, lakini jicho lilikataa.

Mbele ya mdogo wetu kuliwekwa nyama iliyosagwa, mbichi, baridi, nyekundu kama udongo wa mvua, imechanganywa na kiini cha yai kibichi, haradali na kitunguu. Hiyo ndiyo « filet américain ». Ilianzia huko huko Bruxelles miaka ya 1920, na kwa Marekani ilichukua jina tu.

Akaanza kula friti, moja moja. Na hapa ndipo aibu yetu ilipo. Tulimtania. Tulimwambia: umeagiza mwenyewe, kula, yuro 19 hizo! Mmoja wetu alimwambia kwamba kutupa chakula ni dhambi wakati watoto nyumbani wanagawana sambaza. Akachukua uma. Akaupeleka mpaka karibu na mdomo, mkono ukatetemeka, machozi yakamtoka.

Yaya akaifunika ile sahani kwa mkono wake. Akamuuliza kwa sauti ya chini: « Mwanangu, miezi mingapi? »

« Mitatu, Yaya. »

Alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili. Hakumwambia yeyote kati yetu, kwa sababu aliogopa tungelifuta jina lake kwenye orodha ya safari. Angekula nyama ile mbichi kuliko kutuambia. Hatukuwa na la kujibu, maana wote tulijua kwamba kweli tungelifuta.

Mkunga alieleza palepale, na sisi tunayarudia hapa kwa kuwa kila nyumba ina mama au binti anayehusika. Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplasma. Kinakaa ndani ya nyama isiyoiva, katika mavi ya paka, na kwenye udongo unaobaki juu ya mboga zisizooshwa. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hasikii kitu. Lakini mama akikipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kumfikia mtoto tumboni: mimba kutoka, au mtoto kuharibika macho au ubongo. Kinakufa nyama ikiiva mpaka katikati, isibaki nyekundu. Huko Ubelgiji madaktari wamezoea kupima damu ya mjamzito kujua kama amekwisha kuwa na kinga. Nyama ya kusagwa ina hatari nyingine tena, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa nje ya mnofu vinachanganywa mpaka ndani. Na tusiseme ni ya Wazungu tu: brosheti zetu za barabarani, zilizoungua nje huku ndani zinavuja, nazo si za mjamzito. Hata kisu na mikono iliyokata nyama mbichi, vioshwe kabla ya kugusa saladi.

Lakini nani atamwita mhudumu? Sisi wanne tulitazamana kama watoto wa shule. Yaya ndiye aliyeinua mkono. Akasema: « Bwana, huyu binti ana mimba, tunaomba nyama yake ipikwe. » Mhudumu akajibu kwamba américain haipikwi, na sahani ikishaletwa mezani inalipwa. Yaya hakupandisha sauti. Akasema ataingia jikoni aipike mwenyewe, aonyeshwe tu kikaango kiko wapi, na akaanza kukunja mikono ya kitenge chake. Mhudumu aliondoka na sahani haraka sana. Baada ya dakika kumi ikarudi, imekaangwa mpaka kahawia, hata harufu yake ilikuwa nzuri. Tukapata nguvu na sisi, tukaomba steki zetu zirudishwe motoni. Hakuna aliyekasirika. Kumbe kurudisha nyama iongezwe moto ni jambo la kila siku kule. Tungeweza kuomba tangu mwanzo.

Fakture ilikuwa yuro 150. Maji yalilipwa, chupa mbili yuro 14, na mchuzi wa béarnaise yuro 3 kila bakuli, mara tatu. Mchuzi huo mkunga alimkataza mdogo wetu vilevile, kwa sababu viini vya mayai ndani yake huwa vimepashwa moto kidogo tu. Pesa ya wahudumu imo tayari ndani ya bei, kwa hiyo hatukuongeza kitu, na baada ya maneno yale ya kikaango hatukuona haja.

Zilibaki yuro 50. Tulimpa zikiwa ndani ya bahasha ile ile, kwa ajili ya ekografi.

Sasa mimba ina miezi mitano, tumbo linaonekana, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuandika haya. Katika mkutano wa kwanza baada ya kurudi tulisoma tena kanuni za safari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mjamzito asiende. Ilikuwa desturi ya midomo yetu tu. Tumeandika sasa kwamba hatafutwa mtu kwa mimba, na kwamba mkunga au muuguzi atamwona kila msafiri kabla ya tikiti kulipwa.

Yaya yeye analalamika mpaka leo kwamba « bien cuit » yake ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu.