Seva ya Nane
Asubuhi ya Agosti 1, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kwa muda wa dakika 45 hivi. Hakukuwa na mwizi wala mdukuzi. Siku chache kabla, programu mpya ya kuuza na kununua hisa ilitakiwa kupakiwa kwenye seva nane. Fundi akaipakia kwenye saba, ya nane ikamponyoka. Humo ulibaki msimbo wa zamani ulioachwa kutumika tangu 2003 bila kufutwa, na programu mpya ilipewa swichi ileile iliyokuwa ikiuwasha. Soko lilipofunguliwa, msimbo ule ukaanza kumimina maagizo bila kikomo. Mitambo ilikwisha kutuma baruapepe 97 zilizotaja kosa, lakini hakuna aliyezifanyia kazi. Kisha, katika kuhangaika kuokoa jahazi, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama, nazo zikarudia msimbo wa zamani, hasara ikazidi.

Wepesi wa kuhukumu watasema fundi alizembea. Sikubaliani nao. Mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ilibaini kwamba kampuni haikuwa na utaratibu wa maandishi uliomtaka mtu wa pili kuikagua kazi ile. Anayerudia hatua zilezile kwa mkono, iko siku ataruka moja, hata awe makini vipi. Ndiyo maana timu nzuri haitegemei umakini wa mtu: mwenzako husoma msimbo wako kabla haujaunganishwa na wa wengine, majaribio huendeshwa na kompyuta yenyewe, upakiaji hufanywa na programu, na msimbo usiotumika hufutwa.

Timu ya watu watatu, yenye mteja anayepiga simu kila saa, itauliza muda huo utatoka wapi. Swali ni la haki, ila linachukulia kwamba kasi na usalama havikai pamoja. Utafiti wa Nicole Forsgren na wenzake, uliochapishwa kitabuni mwaka 2018, ulionyesha kinyume: timu zinazotoa mabadiliko mara nyingi ndizo pia zinazoharibu kidogo na kurekebisha upesi. Badiliko dogo husomeka haraka, na likileta hitilafu, chanzo hakitafutwi mbali. Wapo pia wanaodai kwamba mkaguzi huishia kugonga muhuri tu. Hilo hutokea, na mara nyingi kosa ni la aliyemletea kazi: mpe mtu mistari elfu mbili Ijumaa jioni, ataipitisha bila kuisoma, mpe hamsini, atauliza maswali.