Nyimbo za Nyumba Zikae Nyumbani



Mwenzetu mmoja alipoteza telefone yake sokoni. Telefone nyingine alipata, lakini sauti ya marehemu mama yake akibembeleza wajukuu ilikuwa mule tu. Tulipokaa naye tuliulizana: nani kati yetu ameweka nyimbo za familia katika telefone moja tu? Karibu wote tuliinua mkono.

Sisi wa Likasi tunajua faida ya kutunza wimbo. Mwaka 1952, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akipiga "Masanga". Mwenda alifariki mwaka 1990, na gitaa lake tunalisikia hadi leo.

Nyumbani pia tunaweza kutunza, na jamaa yote ikasikiliza. Kinachohitajika ni flashi na ruta ya Wi-Fi yenye tundu la USB. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ruta hiyo inaweza kugawa muziki ulio kwenye flashi. Si zote zinaweza.

Kwanza, kusanya nyimbo kwenye flashi na uzipange: kwaya, ngoma, za watoto, sauti za wazee. Wimbo wa MP3 wa dakika tatu una karibu mega 3, kwa hiyo flashi ya giga 32 inabeba karibu nyimbo 10,000.

Pili, chomeka flashi kwenye ruta. Kijana anayejua telefone akusaidie kuwasha ugawaji wa muziki na kuweka neno la siri.

Tatu, weka programu ya VLC katika kila telefone. Ni ya bure. Unganisha Wi-Fi ya nyumba, fungua VLC, tafuta sehemu ya mtandao wa ndani. Nyimbo ziko pale. Telefone ikiandika kwamba hakuna intaneti, usiogope. Mega zinalika siku ya kuchukua VLC tu. Baada ya hapo nyimbo zinatembea ndani ya nyumba bila kulipa.

Ile telefone ya zamani yenye kioo kilichopasuka usiitupe. Iunge kwa waya kwenye redio, iwe ya kupigia muziki sebuleni.

Umeme ukikatika, ruta nyingi za volti 12 zinaweza kutumia batri. Soma kwanza maandishi yaliyo juu yake, na mwite fundi: waya zikigeuzwa, ruta inaungua.

Mwisho, flashi moja haitoshi. Nakili yote kwenye ya pili, uiweke kwa dada yako katika nyumba nyingine.

Na kama ruta bado ni ghali, tuanze na kurekodi. Jumapili hii tukae na nkambo, tumwombe aimbe. Ruta tutanunua siku nyingine. Sauti yake haitungoji.