Askari Wadogo wa Bati, Funzo Kubwa

Yeyote aliyepita katika shule ya makadeti anaijua meza ya mchanga. Ni sanduku pana la mbao ambamo milima hufinyangwa kwa viganja, mito huchorwa kwa unga wa chaki, na vikosi huwakilishwa na chochote kilichopatikana. Katika darasa letu vilivyopatikana vilikuwa vizibo vya chupa za soda. Kizibo kimoja kilikuwa seksheni. Vitatu vilikuwa platuni.

Siku moja nilivisukuma vizibo vyangu vitatu bondeni, mbele ya kilima kilichoshikwa na adui, kwa kuwa njia ile ilikuwa fupi. Mwalimu wetu, sajini mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliviokota kimoja kimoja akavitia mfukoni.

"Kadeti," akaniuliza, "umebakiza watu wangapi?"

"Hakuna hata mmoja, afande."

"Nao walikuwa wangapi?"

Nikanyamaza, kwa maana nilikuwa nimehesabu vizibo, sikuhesabu watu. Kesho yake sajini alikuja na kasha la viatu. Ndani yake walilala askari 30 wa madini, kila mmoja kimo cha kidole gumba, aliowasubu mwenyewe uani kwake. Tangu siku ile, ndugu msomaji, sikumwona kadeti wa darasa letu akipeleka platuni bondeni bila kusita kwanza.

KAZI YA KALE

Wako watakaodhani kuwa kusubu sanamu ndogo ni mchezo wa watoto wa Ulaya. Sivyo. Waashanti na jamaa zao Waakan wa Ghana walisubu kwa karne nyingi mawe ya mizani ya kupimia vumbi la dhahabu, nayo yalikuwa sanamu ndogo za shaba: shujaa na ngao yake, upanga, bunduki, ndege, mamba. Fundi alifinyanga sanamu kwa nta, akaifunika kwa udongo, akautia udongo motoni hata nta ikayeyuka na kutoka, kisha akajaza pengo lile kwa shaba iliyoyeyushwa. Mara nyingine hakuhitaji hata nta: alifunika kwa udongo karanga au mdudu halisi, moto ukakiunguza kilichokuwa ndani, shaba ikachukua nafasi yake. Kila kalibu ilivunjwa baada ya kazi moja.

Huko Nuremberg, nchini Ujerumani, mafundi wa karne ya 18 walichonga umbo la askari ndani ya vibao viwili vya jiwe laini, wakavibana pamoja na kumimina bati katikati. Askari wao alikuwa mwembamba kama sarafu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilileta mbinu ya kusubu askari mwenye uwazi ndani: madini yalimiminwa kalibuni, yakaachwa kidogo yagande penye ukuta, kisha yaliyobaki yakamwagwa nje. Askari akawa mwepesi na wa bei nafuu, na kimo chake cha milimita 54 kikawa kipimo kinachofuatwa hata leo.

Lakini kwetu sisi wenye sare, kisa kinachostahili kukumbukwa zaidi ni cha Kapteni William Siborne wa Jeshi la Uingereza. Mwaka 1830 aliamriwa kutengeneza mfano wa uwanja wa vita wa Waterloo, ambako Napoleon alishindwa tarehe 18 Juni 1815. Siborne alikaa miezi minane katika shamba lililokuwa katikati ya uwanja ule, akapima kila kinundu cha ardhi. Kisha aliwaandikia maofisa waliosalia, akimwuliza kila mmoja: kikosi chako kilisimama wapi yapata saa moja ya jioni? Kwa majibu yao alipanga zaidi ya askari 70,000 wa madini, wenye kimo cha takriban sentimita moja tu.

Ukweli huo ulimgharimu. Mwaka 1833 serikali ilikataa kuendelea kumlipa, naye akaendelea kwa fedha za kukopa. Mtawala wa Wellington, jemadari wa Uingereza katika vita ile, hakupendezwa kuona jinsi mfano ulivyoonyesha wingi wa Waprusi waliokuja kumsaidia. Mfano ulipoonyeshwa London mwaka 1838, Siborne alikuwa amezama katika madeni. Hatimaye alikubali kuwaondoa sehemu ya Waprusi wale. Alifariki mwaka 1849. Mfano wake ungali ukitazamwa hadi leo katika Jumba la Makumbusho la Jeshi mjini London, na barua alizokusanya ni hazina ya wanahistoria. Mwenye kupanga askari wadogo hutoa ushahidi juu ya wakubwa. Askari mdogo akiondolewa mezani, jasho la mkubwa nalo limeondolewa.

JINSI YA KUANZA

Kazi hii haitaki kiwanda. Askari mwenye uvumilivu aweza kuianza uani kwake kwa vifaa vichache.

Kwanza, finyanga askari wako kwa nta ngumu, au mchonge kwa mti laini. Mikono na bunduki vikae karibu na mwili, kwa sababu kila pembe inayojificha itang'ang'ania ndani ya kalibu na kuivunja.

Pili, mlaze ndani ya kisanduku kisicho na kifuniko na umzike nusu katika udongo wa mfinyanzi. Bonyeza vishimo vitatu katika udongo huo ili nusu mbili za kalibu zipate kushikana sawasawa. Nyunyiza unga wa plasta, ile ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, ndani ya maji hata uwe mzito kama uji, kisha umimine. Ikishakuwa ngumu, geuza, ondoa udongo lakini umwache askari mahali pake, paka sabuni juu ya plasta ili nusu ya pili isigandamane nayo, na umimine nusu hiyo.

Tatu, zitenganishe nusu hizo, umtoe askari, na uchonge mlango wa kumiminia wenye umbo la faneli pamoja na mifereji myembamba ya kutolea hewa. Hewa isipopata njia ya kutoka, madini hayatafika penye mikono wala penye ncha ya bunduki.

Nne, kausha kalibu. Neno hili nalirudia: kausha. Iweke juani kwa siku kadhaa, kisha karibu na moto mdogo. Weka kioo baridi juu ya kalibu iliyopashwa. Kioo kikifanya ukungu, maji yangalimo.

Tano, paka ndani poda kavu, funga nusu mbili kati ya vibao kwa mpira wa tairi, na uyeyushe madini katika chungu cha chuma. Chovya ncha ya kijiti kikavu. Ikigeuka kahawia bila kuwaka, joto latosha. Mimina kwa mkupuo mmoja, bila kusitasita. Askari wa kwanza huenda akatoka hana kichwa, kwa kuwa kalibu ingali baridi. Usikate tamaa: mrudishe chunguni. Kalibu ya plasta hutoa askari wachache kabla ya kuharibika. Ya mpira wa silikoni unaostahimili joto hutoa wengi zaidi.

ADUI WATATU

Adui wa kwanza ni maji. Maji yanapogeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,600. Mwenzangu mmoja, kwa haraka ya kumfurahisha mwanawe, alimimina madini katika kalibu aliyoitengeneza jana yake. Ilinguruma, ikamtemea usoni. Miwani aliyokuwa ameivaa ndiyo iliyomwachia macho yake. Shavuni amebaki na alama ambayo mwanawe huiuliza hadi leo. Kwa hiyo vaa miwani ya kinga, glavu za ngozi na buti, na mdomo wa suruali ufunike buti, usiingizwe ndani yake. Watoto wakae mbali.

Adui wa pili ni risasi, na hapa lugha yetu yatuonya yenyewe, kwani neno ni lile lile kwa madini na kwa kile kinachotoka bundukini. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, na kwa kuwa hupatikana katika betri chakavu, wengi huikimbilia. Mwili hauna kazi nayo. Hudhuru damu, figo na mishipa ya fahamu, na huharibu akili ya mtoto angali mdogo. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tumia bati halisi, si lile la kuezekea nyumba, lililochanganywa na antimoni na shaba kidogo. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232, nalo ni mali ya eneo letu: mawe yake huchimbwa Rwanda, Kongo, na Kyerwa nchini Tanzania. Wala usiyeyushe chochote katika sufuria ya mama watoto.

Adui wa tatu ni tamaa. Asitokee askari au polisi wa kuvunja risasi za serikali ili apate madini. Hilo ni wizi na ni kifo: baruti haitambui cheo cha mtu.

FAIDA YAKE

Yapo matumizi mengi. Mkufunzi wa polisi aweza kupanga njia panda, magari na wapita njia, akawaonyesha vijana jinsi ajali ilivyotokea na mahali shahidi aliposimama. Kamanda wa platuni aweza kurudia doria ya kesho mbele ya watu wake, kila mmoja akijitambua mezani. Na mzee anayekaribia kustaafu huipatia mikono yake kazi ya subira.

Lakini faida iliyo kuu ni ile ya sajini wetu. Kabla hajastaafu nilimwuliza kwa nini alijisumbua kumpaka rangi kila mmoja wa wale 30, hata nyusi. Akanijibu, "Kijana wangu, mtu aliyekesha akichora uso wa askari wa bati hatamsahau askari mwenye uso wa kweli."

Mimi leo ninao 12 tu, na wawili kati yao hawana mikono. Nimewapanga juu ya meza yangu ya kazi. Kila ninapoandika habari ya kikosi kilichotumwa mbali, huwatazama kwanza, nikahesabu watu.