Maharage kwa Mtoto wa Miezi 6: Yaive Kwanza

Mzazi, mtoto wako akifikisha miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua, na uji wa mahindi mtupu hauijazi. Maharage, dengu na mbaazi za mgao humpa chuma na protini. Endelea pia kumnyonyesha mpaka afikishe miaka 2 au zaidi.

Tunajua kuni ni shida, na wengine huepua chungu mapema. Kwa maharage, hasa mekundu, hiyo ni hatari. Yana sumu ya asili inayokwisha kwa kuchemka sana tu. Yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha, na mtoto mchanga huishiwa maji upesi.

Fanya hivi:

1. Chambua, osha, kisha loweka usiku kucha. Yaliyolowekwa huiva haraka na kuni zinapungua.
2. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya.
3. Chemsha kwa moto mkali, yatokote dakika 10 au zaidi. Usianze na makaa yanayofifia. Kisha punguza moto, funika, pika mpaka yapondeke kwa vidole.
4. Menya maganda, ponda, chuja. Sehemu ya mtoto usitie chumvi wala magadi.
5. Changanya na uji mzito na mafuta kidogo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha.

Anza na kijiko kimoja au viwili, ongeza taratibu. Usianzishe chakula kingine kipya kwa siku 3, ili ujue kipi kimemdhuru. Tumbo likijaa gesi, punguza kiasi, usiache kabisa. Kati ya miezi 6 na 8 mpe chakula mara 2 hadi 3 kwa siku.

Papai au nyanya husaidia mwili kupokea chuma; chai huzuia, usimpe. Maharage mazima na karanga nzima humpalia mtoto. Kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kabla ya kuliwa.

Mkimbize kituo cha afya, hata usiku, ukiona midomo au uso umevimba, anapumua kwa shida, anatapika kila kitu, au anaharisha na macho yameingia ndani.

Una swali? Muulize mhudumu wa afya anayepita mtaani kwenu, au uliza siku ya kumpima mtoto uzito.