Mishikaki ya Kuku Nyumbani: Viungo Haviui Vimelea, na Chumvi Hujificha

Mishikaki ni miongoni mwa vyakula ambavyo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kuvipenda. Huuzwa jioni pale Forodhani, Unguja, huchomwa kando ya barabara za Dar es Salaam na Mombasa, na ng'ambo ya bahari, kule Oman, huitwa mishkak na huliwa kwa shauku ile ile. (Ule mshikaki mwingine, wa abiria watatu juu ya bodaboda moja, ambao vyumba vya dharura vinaufahamu vizuri mno, haumo katika makala haya.) Mishikaki iliyozoeleka ni ya nyama ya ng'ombe, lakini kwa kuwa kuku wa kisasa sasa anapatikana kwa urahisi, familia nyingi zimeanza kujitengenezea ya kuku nyumbani, hasa mwisho wa juma na siku za sikukuu.

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, wagonjwa huuliza iwapo nayo wamekatazwa. Aghalabu jibu tunalotoa sisi wahudumu ni fupi: acha. Kwa maoni yangu jibu hilo si sahihi. Gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa bila ngozi zina takriban gramu 30 za protini na mafuta kidogo sana. Si nyama ya kumtisha mgonjwa. Isitoshe, mgonjwa aliyeambiwa "acha" atakula sikukuu itakapofika, na kliniki ijayo hatatuambia. Ni afadhali afundishwe namna ya kuitengeneza. Na mafunzo hayo yaanzie kwenye bakuli la viungo, kwa sababu bakuli hilo huaminiwa kwa kazi lisiyoiweza, na halishukiwi kwa madhara linayoyaleta kweli.

Tuanze na lile lisiloweza. Nyama ya kuku ikilowekwa katika ndimu au siki, baada ya muda hugeuka nyeupe juu kana kwamba imeiva. Kinachotokea ni kwamba tindikali imebadilisha umbo la protini za juu ya nyama. Nyama haijaiva, na vimelea vilivyomo havijafa. Bakteria wa Salmonela na Kampilobakta, ambao hupatikana mara kwa mara katika nyama mbichi ya kuku, wanaweza kuendelea kuishi ndani ya ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili tunazozitumia jikoni. Imani kwamba "kuku aliyelala kwenye viungo ni salama" imeenea hata miongoni mwa watu wenye elimu, na ndiyo inayomfanya mpishi achome haraka haraka na kuondoa nyama motoni mapema.

Kampilobakta wachache tu wanatosha kumwangusha mtu kwa homa, msokoto wa tumbo na kuhara, pengine kuhara damu. Kwa watu wachache, majuma kadhaa baadaye, hufuatia ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu na udhaifu huanzia miguuni ukipanda juu. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu huumia zaidi kuliko wengine wanapopatwa na maambukizi haya.

Je, viungo vinafanya kazi gani basi? Vinatia ladha, na ladha hiyo kwa sehemu kubwa hubaki juu ya nyama; huingia ndani kwa milimita chache tu. Chumvi pekee ndiyo inayosafiri hadi ndani zaidi. Papai bichi, ambalo wapishi wa pwani hulisaga na kulipaka kwenye nyama ngumu, lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachovunjavunja protini. Linafaa kwa ng'ombe au kwa kuku wa kienyeji mwenye misuli iliyokomaa, lakini kuku wa kisasa, ambaye huchinjwa akiwa na majuma matano au sita tu, hulegea kama uji akikaa nalo muda mrefu. Kwa huyo, mtindi unatosha. Saa moja hadi nne ni muda wa kutosha wa kuloweka. Ukitaka kulaza hadi kesho, iwe kwenye jokofu na mtindi, si ndimu nyingi.

Muda huo uhesabiwe pamoja na joto. Nyama mbichi haipaswi kukaa nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, kama linavyozidi mara nyingi Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Februari, isizidi saa 1. Nyumba isiyo na jokofu inaweza kula mishikaki vizuri tu: mkaa uwashwe kwanza, nyama ikatwe na kuungwa wakati mkaa unakolea, ikae nusu saa, ichomwe. Kitakachopungua ni ladha kidogo sana. Umeme ukikatika kwa saa nyingi usiku, nyama iliyolala jokofuni asubuhi ikiwa vuguvugu, itupwe hata kama haina harufu. Najua bei ya kuku. Bado naandika itupwe.

Sasa chumvi. Chukua kilo 1 ya minofu ya kuku kama inavyoungwa katika nyumba nyingi: kijiko 1 cha chai cha chumvi, vijiko 3 vya mezani vya sosi ya soya, na vidonge 2 vya kuungia mchuzi. Kijiko hicho cha chai ni gramu 6 hivi za chumvi. Kila kijiko cha mezani cha sosi ya soya ya kawaida kina gramu 2 au zaidi. Kidonge cha mchuzi cha gramu 4, kwa kawaida, nusu yake au zaidi ni chumvi. Jumla inafika gramu 16. Wakila watu watano, kila mmoja amepata zaidi ya gramu 3 kutokana na nyama peke yake, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Bado hajala pilau, hajagusa chachandu, na kachumbari nayo imenyunyiziwa.

Mgonjwa huyu akiulizwa kliniki, atasema kwa uaminifu kabisa kwamba amepunguza chumvi, kwa sababu kwake chumvi ni ile iliyomo koponi. Mhudumu asiishie kuuliza "unatumia chumvi?" Aulize: unaunga nyama kwa vitu gani? Majibu yake yatakuwa tofauti kabisa.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kilo hiyo ni huu: mtindi usio na sukari nusu kikombe, maji ya ndimu 2, punje 6 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba vilivyotwangwa pamoja, kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, nusu kijiko cha pilipili manga, manjano kidogo, mafuta ya kula vijiko 2 vya mezani, na chumvi nusu kijiko cha chai. Hakuna sosi ya soya, hakuna kidonge. Kwa watu watano ni kama gramu 0.6 ya chumvi kwa kila mlaji. Anayeona ladha imepungua akamulie ndimu mbivu juu ya nyama ikitoka motoni. Uchachu wa wakati huo huuamsha ulimi kuliko ule uliolowekwa saa nne.

Kuhusu kuosha kuku, vitabu vinasema asioshwe kabisa, kwa kuwa maji ya bomba yanayomwangukia hurusha vimelea hadi kwenye vyombo na mboga. Ushauri huo ulitungwa kwa ajili ya kuku anayetoka dukani akiwa safi ndani ya karatasi. Kuku aliyechinjwa uani au sokoni, mwenye damu na vinyoya, ataoshwa, na hakuna haja ya kujidanganya. Basi aoshwe ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, mbali na vyombo safi na mboga, kabla ya kachumbari kuanza kukatwa. Beseni, kibao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni mara baada ya hapo.

Nyama ikatwe vipande vya sentimita 3 hivi, vilingane, bila ngozi. Vijiti vya mti vilowekwe majini nusu saa ili visiungue. Vipande visibanwe sana kwenye kijiti. Kati yake moto unahitaji kupita, na pale vinapogandana ndipo hubaki vibichi. Pilipili hoho na vitunguu vinapendeza machoni vikipishanishwa na nyama, lakini huiva kwa kasi yake vyenyewe, kwa hiyo mimi huvitunga kwenye vijiti vyake. Viungo vya kupakia wakati wa kuchoma vitengwe kabla nyama mbichi haijaingia bakulini. Na sahani iliyobeba mishikaki mibichi kwenda jikoni isiipokee iliyoiva: kosa hili nimeliona katika karamu nyingi kuliko jingine lolote.

Mkaa uwe umekolea na kufunikwa na majivu, pasiwe na ndimi za moto. Mafuta yanapodondokea motoni, na nyama inapobabuka kwa joto kali, hutokea kemikali ambazo katika tafiti za wanyama zimesababisha saratani. Tafiti zimeonyesha pia kwamba nyama iliyolowekwa kabla ya kuchomwa hutoa kiasi kidogo zaidi cha baadhi ya kemikali hizo. Hapa bakuli la viungo linastahili sifa. Geuza mara kwa mara, na sehemu iliyoungua ikwanguliwe. Hata hivyo, moshi unamdhuru zaidi mchomaji kuliko mlaji. Mvua ikinyesha watu huingiza jiko la mkaa ndani, na kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu kadhaa wa nyumba moja ni dalili za kuwatoa nje upesi na kuwapeleka hospitali. Mkaa usiwashwe kwa mifuko ya plastiki.

Namna ya uhakika ya kujua kwamba nyama imeiva ni kipimajoto cha jikoni kisome nyuzi 74 katikati ya kipande kinene kuliko vyote. Asiye nacho akate kipande hicho: ndani kusiwe na wekundu, na maji yanayotoka yawe maangavu. Usihukumu kwa rangi ya nje, kwani ndimu imeipausha na manjano yameipaka. Mishikaki iliyochomwa nusu asubuhi ili imaliziwe wageni wakifika ni hatari kuliko hata mibichi iliyokaa jokofuni, kwa kuwa moto wa kwanza umeitia vuguvugu tu na kuwapa bakteria nafasi ya kuzaliana.

Kwa mgonjwa wa kisukari, tatizo si mshikaki wenyewe; ni chipsi, soda na tomato sosi yenye sukari vinavyouandama. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kiasi cha nyama anachoruhusiwa, na ajihadhari na "chumvi mbadala" zinazouzwa madukani, kwani nyingi zina potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa, na moyo unaweza kusimama. Watoto wavuliwe nyama kwenye vijiti kabla ya kupewa sahani.

Iliyobaki nayo ivuliwe kutoka vijitini, ifunikwe na kuingizwa jokofuni kabla ya saa 2 kupita. Italiwa ndani ya siku 2 au 3, ikipashwa moto mpaka itoe mvuke hadi ndani.