Kidole Kinapoinuka

Ndani ya faili la MIDI hamna sauti. Mna amri tu: kitufe namba 58 kimebonyezwa, kitufe namba 58 kimeachiwa, stopu fulani, yaani kichaguzi cha aina ya sauti, imefunguliwa, na kati ya amri moja na nyingine, hesabu ya muda. Sauti hutolewa na chombo kinachozipokea, na vyombo hivyo havifanani. Piano ya umeme ikiamriwa kupiga, hutoa mlio unaofifia wenyewe. Ukichelewa kuachia kitufe, wachache watagundua. Kinanda cha kanisani, kile chenye stopu, safu mbili au tatu za vitufe na pedali za miguu, hakijui kufifia. Kitufe kikishikwa, sauti inasimama kwa nguvu ile ile mpaka kiachiwe. Tena kwa kawaida hakijali umebonyeza kwa nguvu au kwa upole, kwa hiyo mpigaji hawezi kuitilia nota moja mkazo kwa kidole. Mkazo wake wote unatoka kwenye muda: nota imeanza lini na, hasa, imekatwa lini.

Kwa sababu hiyo mhariri aliyejifunza kazi kwenye miziki ya studio hupotea njia mapema. Amezoea kunyoosha mianzo ya nota mpaka ikae sawa na gridi. Kwenye kinanda, sehemu kubwa ya kazi iko upande wa kulia wa kila mstari wa nota kwenye skrini, pale kidole kinapoinuka.

Waliotangulia walilijua hili. Mwaka 1913 mtunzi Max Reger aliirekodia kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, kwenye mikanda ya karatasi, ambapo urefu wa tundu ndio uliokuwa urefu wa nota. MIDI ilipozinduliwa mwaka 1983 ilirithi fikra ile ile ya kuandika tendo la mpigaji badala ya sauti, ila badala ya matundu ikatumia namba, vitufe na viwango vikihesabiwa kutoka 0 hadi 127, kwenye chaneli 16.

Tuchukue kazi moja tuihariri: utangulizi wa korali wa Bach, BWV 645, ambao asili yake ni kantata ya mwaka 1731. Una sauti tatu. Mkono wa kulia unapiga wimbo unaozungukazunguka, mkono wa kushoto unaleta korali yenyewe katika kimo cha teno, na miguu inapiga besi. Tuseme mtu ameurekodi kwa awamu kwenye kibodi ya kawaida, na sauti zote zimelundikana kwenye chaneli moja.

Kuzitenganisha ndiyo kazi ya kwanza, na haina njia ya mkato. Programu nyingi zitakushauri uchague namba moja, labda 60 ambayo ni C ya kati, kisha vyote vilivyo juu yake viende chaneli moja na vya chini nyingine. Katika muziki huu ushauri huo unaharibu, maana wimbo wa kulia hushuka chini ya C ya kati na korali hupanda juu yake. Weka nota za karatasi mbele yako, ugawe sauti kwa macho. Besi ipelekwe kwenye chaneli ya pedali, ukihakikisha haitoki nje ya mipaka: pedali 32 huanzia namba 36 na kuishia 67. Kama mpigaji alirudia besi kwa oktava ya chini ili iwe nzito, ifute oktava hiyo. Stopu ya futi 16 inashuka oktava yenyewe. Chaneli gani ni ya safu gani, kila mtengenezaji ana mpango wake, na jedwali liko kwenye kitabu cha maelezo cha kinanda. Chaneli ya 10 iepuke kabisa. Kwenye kibodi nyingi, zikiwemo zinazotumika katika makanisa yetu, hiyo ni ya ngoma, na siku utakapolijaribu faili huko, besi ya Bach itapigwa kwa dramu na matoazi.

Kisha tafuta amri namba 64, yaani ile pedali ya piano inayoshikilia sauti baada ya kidole kuondoka. Mpigaji wa kibodi huikanyaga bila kufikiri. Kinanda kisichoitambua kitatoa vipande vifupi vilivyokatikakatika, maana vidole viliinuka mapema vikiutegemea mguu. Programu nyingi zinaweza kugeuza mkanyago huo kuwa urefu wa nota, lakini matokeo huwa mazito: nota zinalaliana na kila kitu kinageuka uji. Igeuze, halafu ukate kwa mkono.

Sasa tumefika kwenye kiini. Korali hii mwanzoni tu inarudia B flati, kitufe namba 58, mara kadhaa mfululizo. Kama nota ya kwanza inaisha hapo hapo inapoanza ya pili, msikilizaji atasikia nota moja ndefu. Zikilaliana ni balaa zaidi, kwa sababu amri ya kuachia nota ya kwanza inaweza kuikata ya pili ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Lazima pawepo nafasi. Faili likiwa na tiki 480 kwa kila pigo, na mwendo ukiwa mapigo 72 kwa dakika, tiki moja ni chini kidogo ya milisekunde 2. Nafasi ya tiki 30 ni kama milisekunde 52. Ya tiki 45 ni kama 78. Mimi huanza na 30, na kabla ya pigo zito hupanua hadi 45 au zaidi, maana ukimya huo mdogo ndio unaolipa pigo linalofuata uzito wake. Ukizipa nota zote nafasi moja utapata cherehani. Na mianzo ya mkono wa kulia, kama mpigaji alikuwa mzuri, iache. Kuinyoosha kunaua trili kabla ya kitu kingine chochote.

Nyimbo za kwaya zina ugonjwa wao. Watunzi wetu wengi siku hizi huandika nota kwa kompyuta na kutoa faili la MIDI moja kwa moja, sauti nne zikiwa zimenyooka. Soprano na alto zikikutana kwenye nota moja na zote ziko chaneli moja, kitufe ni kimoja: alto akimaliza mapema, anaondoka na soprano. Futa ile fupi, bakiza ndefu. Mwisho wa kila mstari wa wimbo fupisha sauti zote nne kwa pamoja, maana kompyuta haivuti pumzi na waumini wanavuta.

Stopu huachwa hadi mwisho. Vinanda vingi vya kidijitali huzirekodi kwa amri maalumu za mtengenezaji, zinazoanza na 240 na kuisha na 247, na kinanda cha kampuni nyingine kitazipuuza. Zifute kama faili litasafiri, uchague stopu kwa mkono. Kama unabaki nazo, zitangulie nota ya kwanza kwa bari nzima: waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na baiti 320 zinachukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda unaotosha kuitoa nota ya kwanza ikiwa uchi. Hapo hapo weka amri ya sanduku la sauti, ile inayoongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, kwa kawaida namba 11 au 7. Ikibaki kwenye 0 utaanza kukagua nyaya bure.

Sikiliza ukiwa katikati ya kanisa, si kwenye benchi la mpigaji, maana kwenye jengo lenye mwangwi mrefu nafasi ya tiki 30 humezwa. Ukisharidhika, tengeneza nakala ya faili la aina ya 0, ambayo hupokewa hata na vinanda visivyosoma aina ya 1. Lile la aina ya 1 libaki kwenye kompyuta, kila sauti na njia yake na jina lake, kwa sababu kanisa la pili litataka nafasi nyingine.