Kujikomba kwa Bosi: Unapanda Cheo au Unapanda Mchongoma?

Kaa Karatu siku mbili, kabla hujapita geti la Lodoare kuingia Ngorongoro, utaona ajira nyingi za pale zinamtegemea mtalii. Penye loji pana meneja, na penye meneja pana wa kumbebea mkoba. Anacheka kabla kichekesho hakijaisha, anapeleka umbea wa mapokezi na jikoni. Mara utasikia kawa msimamizi wa zamu!

Tusidanganyane, kujikomba kunalipa. Swali langu: kunalipa hadi lini?

Meneja leo yupo, kesho kahamishwa. Akiondoka, mlinzi wako kaondoka, na wale uliowachongea bado mnakula meza moja. Halafu kuna nyakati kama 2020, korona ilipokata wageni na hoteli kupunguza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu na namna ya kuchagua wa kupunguzwa. Hapo linaulizwa faili, na vicheko havimo humo.

Msalimie bosi, mpongeze akipatia. Hiyo ni heshima. Ila jifunze Kifaransa au Kihispania, omba tathmini yako kwa maandishi, na nakala itunze nyumbani, mwenzi wako ajue ilipo. Ukimwona mwenzio anapanda kwa majungu, usimwonee wivu. Mchongoma kuupanda si kazi, kushuka ndiyo ngoma.